Profoma ya shilingi 1,320,000 kwa Toyota IST iliyochemsha: je, bei hii ni ya haki?

Mkazi wa Ipagala aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa magari, hasa mlioko hapa Dodoma, katika kuipima profoma niliyopewa na gereji moja ya mjini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nia yangu si kumharibia mtu biashara bali kujua kama kiasi ninachoombwa kinalingana na kazi itakayofanyika.

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 2NZ-FE, yaani ile ya sisi 1300. Nilipokuwa natoka Morogoro, taa nyekundu ya joto iliwaka kati ya Gairo na Kibaigwa, gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida wa barabara kuu na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Nilisimama mpaka injini ikapoa, nikaongeza maji, nikaendelea polepole hadi nyumbani. Tangu siku hiyo taa haijawaka tena katika mizunguko ya hapa mjini, ila maji kwenye chupa ya akiba hupungua kidogo kidogo na inanibidi kuyaongeza.

Gereji waliunganisha kompyuta, wakaniambia kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua na kwamba ni lazima injini ifunguliwe. Profoma yao inasema hivi: kupima kwa kompyuta 30,000, seti ya gasketi 180,000, kusawazisha silinda hedi 80,000, pampu ya maji 120,000, taiming belti 95,000, rejeta 250,000, oili na filta 90,000, vifaa vidogo vidogo 75,000, ufundi 400,000. Jumla ni shilingi 1,320,000, na wanataka asilimia 70 itangulie, yaani shilingi 924,000, kabla hawajagusa boliti hata moja.

Mfanyakazi mwenzangu anasema alifanyiwa kazi kama hiyo kwa chini ya nusu ya fedha hizo. Shemeji yangu, ambaye gari lake ni kubwa zaidi, anasema nimepewa bei nzuri na nisiichezee. Kauli zote mbili zimeniacha palepale nilipokuwa. Je, bei hii ni ya haki, na mtu asiye fundi anaipimaje?

Fundi wa Kizota alijibu:

Ndugu wa Ipagala, pole kwa usumbufu wa safari. Nitaandika kwa urefu kidogo, kwa sababu umeuliza maswali mawili kwa pamoja na umeanza na lile la pili. Kabla ya kuuliza kama shilingi 1,320,000 ni nyingi au ni chache, uliza kama imethibitika kwamba kazi yenyewe inahitajika. Gasketi ikiwa nzima, hata wakikufungulia injini kwa laki tatu watakuwa wamekupunja. Ikiwa imeungua kweli, hiyo milioni na ushee inaweza kujadiliwa mstari kwa mstari.

Kompyuta haioni gasketi. Inachosoma ni taarifa za vihisio vilivyofungwa kwenye injini, na inaweza kukuambia kwamba kihisio cha joto kinatoa vipimo visivyoeleweka, au kwamba silinda fulani haichomi sawasawa. Msimbo P0301, kwa mfano, unahusu silinda ya kwanza kutochoma vizuri, lakini chanzo chake kinaweza kuwa plagi, koili, nozeli, au mgandamizo uliopungua, na hakuna kompyuta ya gereji itakayokuchagulia kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo waombe wakuandikie ni misimbo gani iliyotokea. Ikiwa hakuna msimbo wowote, basi shilingi 30,000 zimelipia kitu ambacho hakihusiani kabisa na mstari unaofuata wa profoma.

Gasketi huthibitishwa kwa njia nyingine, na zote zinawezekana hapa Dodoma bila kufungua injini. Ya kwanza ni kupima mfumo wa maji kwa pampu ya mkono: injini ikiwa baridi, kifaa hufungwa mahali pa kizibo cha rejeta, presha hupandishwa mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kizibo, kisha fundi anangoja aone kama mshale unashuka. Ukishuka na ukaona maji yanadondoka kwenye kiungo cha rejeta, kwenye mpira au chini ya pampu, umepata sababu ya maji kupungua, na sababu hiyo iko nje ya injini. Ukishuka bila maji kuonekana popote, hapo ndipo shaka ya gasketi inapopata nguvu. Ya pili ni kipimo cha gesi, ambapo hewa inayotoka kwenye mdomo wa rejeta hupitishwa katika dawa ya buluu. Dawa ikigeuka kuwa ya njano, gesi ya mwako inaingia kwenye maji na hakuna ubishi tena. Ya tatu ni kupima mgandamizo wa kila silinda.

Kuhusu hicho kipimo cha mgandamizo, niongeze jambo ambalo mafundi wengi wa hapa hulisahau. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini nzima kabisa itasoma chini ya namba zilizochapishwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwa sababu hewa inayovutwa ndani ni kidogo. Nimewahi kuona injini ikihukumiwa kuwa imechoka kwa kosa la kuishi Dodoma. Kinachotakiwa ni kulinganisha silinda na silinda: zikikaribiana, hali ni nzuri, moja ikiachwa mbali, au mbili zinazopakana zikianguka pamoja, hapo kuna jambo.

Zipo pia dalili ambazo unaweza kuziangalia mwenyewe. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyochanganyika na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiona utando mdogo wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili pekee, usishtuke mapema, kwa sababu magari yanayofanya safari fupi fupi hukusanya unyevu mahali hapo. Angalia kama moshi wa ekzosi ni mweupe na unaendelea hata baada ya injini kupata moto. Na kamwe usifungue kizibo cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Sasa turudi kwenye namna gari lako lilivyochemsha, kwa sababu umetoa taarifa muhimu ambayo gereji yako haionekani kuitumia. Gari linalochemsha likiwa limesimama au kwenye foleni na kupoa linapokimbia hunifanya niitazame feni kwanza. Lako lilifanya kinyume: lilichemsha kwenye mwendo wa barabara kuu, huku kiyoyozi kikiongeza mzigo, na mjini linatulia. Mwelekeo huo kwa kawaida hunipeleka kwenye rejeta iliyoziba ndani, termostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) isiyofunguka kikamilifu, au maji yaliyokuwa pungufu tangu mwanzo. Gasketi haijaondolewa kwenye orodha, lakini si ya kwanza. Termostati hasa ni kitu cha kupima kwa sufuria: hutumbukizwa kwenye maji yanayopashwa moto, na kwa injini za familia hii inapaswa kuanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu za Selsiasi. Ikibaki imefunga maji yakitokota, umepata jibu.

Niulize na mimi: huwa unaongeza maji gani? Maji ya visima vya hapa kwetu, kuanzia Makutupora, yanajulikana kwa chumvi yake, na yeyote mwenye birika la umeme ameuona ule ukoko mweupe chini yake. Ukoko uleule hujijenga ndani ya mirija myembamba ya rejeta. Halafu kuna kizibo. Kwa mwinuko wetu, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayotunzwa na springi ya kizibo pamoja na kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa humo. Kizibo kilicholegea, chenye thamani ndogo kuliko vitu vyote kwenye profoma yako, kinatosha kabisa kulichemsha gari mlimani na kupunguza maji. Ajabu ni kwamba hakimo kwenye orodha, wala termostati haimo, wala kulanti haimo. Profoma ya gari lililochemsha isiyotaja kulanti inanipa mashaka kuhusu aliyeiandika.

Jambo la mwisho ni taiming belti. Injini ya 2NZ-FE haina taiming belti, yaani mkanda unaooanisha mwendo wa vali na pistoni. Ina cheni ya chuma iliyo ndani ya kifuniko cha mbele, na cheni hiyo haibadilishwi kwa ratiba kama mkanda. Ulio nje ni mkanda unaozungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi, ambao mtaani tunauita feni belti. Huenda walimaanisha huo, nami sitaki kuwashtaki kabla hawajajieleza, lakini waombe waandike jina sahihi na waeleze kwa nini ubadilishwe. Pampu ya maji nayo imefungwa nje ya injini hiyo na hubadilishwa bila kugusa silinda hedi, kwa hiyo kama haivuji na beringi yake haina mchezo, iache ilipo.

Mkazi wa Ipagala alijibu:

Nashukuru sana, fundi. Maji ninayoongeza ni ya bomba la nyumbani, na gari lilikuja kwangu likiwa na maji matupu, si kulanti. Oili kwenye kijiti ni nyeusi ya kawaida na moshi mweupe sijauona. Nimewapigia simu gereji kuuliza misimbo. Wamesema hawakuiandika popote. Kuhusu belti wamesema "ni ile ya mbele," bila maelezo zaidi. Je, bei za spea zenyewe zikoje?

Muuza spea, Majengo alijibu:

Ndugu yangu, mtu akikuambia bei ya spea kabla hajakuuliza ni spea ya namna gani, atakuwa anabahatisha. Rejeta ya IST inaweza kuwa mpya halisi ya Toyota, mpya ya mtengenezaji mwingine mwenye jina, mpya isiyo na jina, au ya mtumba kutoka Japani, na tofauti kati ya mwanzo na mwisho wa orodha hiyo ni kubwa mno. Neno "rejeta 250,000" peke yake haliwezi kuhukumiwa. Laweza kuwa bei njema kwa kitu kizuri, na laweza kuwa wizi wa mchana kwa kitu kibovu.

Kwa hiyo rudi kwao na uwaombe waongeze mambo matatu mbele ya kila spea: imetengenezwa na nani, ni mpya au ya mtumba, na namba yake. Namba za spea za Toyota huandikwa kwa tarakimu kumi zilizogawanywa tano kwa tano, na zile tano za mwanzo zinataja aina ya kifaa. Gasketi ya silinda hedi huanza na 11115, pampu ya maji huanza na 16100, rejeta huanza na 16400. Namba kamili hutafutwa kwa kutumia namba ya chesisi ya gari, na hapo usikubali kukadiriwa kwa jina tu, kwa kuwa IST ya NCP60 ni ya sisi 1300 ilhali NCP61 ni ya sisi 1500. Ukishakuwa na namba, unaweza kupiga simu kwenye duka lolote, iwe hapa mjini au Kariakoo, mkazungumzia kitu kimoja badala ya kulinganisha vitu viwili tofauti.

Kuhusu mtumba, msimamo wangu ni huu, na wapo watakaonipinga. Alteneta, stata, taa, hata mlango, nunua vya mtumba bila wasiwasi ukiwa na makubaliano ya kurudisha. Gasketi, termostati, pampu ya maji na kizibo usinunue vya mtumba hata kama unapewa bure. Rejeta ya mtumba iko katikati: nyingine ni nzuri kuliko mpya zisizo na jina, lakini huwezi kuona ndani kuna ukoko kiasi gani. Kwa pampu ya maji, Aisin ndiyo kampuni inayotengeneza pampu nyingi za Toyota tangu kiwandani, na ukiinunua ndani ya boksi lake mwenyewe huwa nafuu kuliko ile yenye boksi la Toyota. Angalizo ni kwamba majina haya ndiyo yanayoghushiwa zaidi, kwa hiyo duka lisilotaka kukupa risiti yenye jina la kifaa liepuke.

Usikasirike pia gereji ikiweka faida yake juu ya spea. Wao ndio waliokwenda dukani, na spea ikifa baada ya wiki moja wao ndio wanaopaswa kuifungua na kuirudisha bila kukudai ufundi mara ya pili. Ukinunua mwenyewe ili uokoe hiyo faida, mzigo huo unauhamishia kwako.

Mwenye gereji, Nkuhungu alijibu:

Nimesoma yaliyotangulia na mengi nakubaliana nayo, ila naona mazungumzo yanaelekea kumfanya kila mwandika profoma kuwa mwizi. Naomba nieleze namna profoma ya aina hii inavyozaliwa.

Mteja anapoleta gari lililochemsha, sisi hatujui tutakachokikuta ndani. Silinda hedi ya alumini iliyopata joto kali inaweza kuwa imepinda, na upindaji huo hupimwa kwa rula iliyonyooka na vipande vyembamba vya kupimia nafasi, kwa mia za milimita. Inaweza pia kuwa na ufa usioonekana mpaka ioshwe. Nikimwandikia mteja shilingi 600,000 leo, halafu kesho kutwa nimpigie simu kwamba imeongezeka 300,000, ataniita tapeli mbele ya watu. Wenzangu wengi wamejifunza kuandika kila kitu mwanzoni ili wasipige simu ya pili. Silisifu jambo hilo. Mimi mwenyewe nimeacha kufanya hivyo. Lakini ni woga zaidi kuliko wizi, na dawa yake ni mteja kukubali profoma ya hatua mbili: ya kwanza ni ada ya uchunguzi pekee, inayolipwa hata kama gari halitatengenezwa hapo, na ya pili huandikwa baada ya vipimo, ikitenganisha yale yaliyo hakika na yale yatakayofanywa tu ikiwa silinda hedi itakutwa imepinda. Mstari wa "kusawazisha silinda hedi 80,000" ungekuwa na maneno "ikihitajika" mbele yake.

Kuhusu ufundi wa shilingi 400,000, sitasema ni sahihi wala si sahihi mpaka nijue umejumuisha nini. Kubadilisha gasketi ya injini hii ni kazi ya siku mbili hivi kwa fundi anayejiheshimu, pamoja na siku nyingine kama silinda hedi imepelekwa kwenye mashine. Kuna kusafisha nyuso zote mbili bila kuzikwaruza, kuna kuweka cheni kwenye alama zake, kuna kupima urefu wa boliti ambazo hutanuka zikikazwa na wakati mwingine haziruhusiwi kurudishwa, na kuna kukaza kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio na kwa hatua. Anayefanya hayo yote hawezi kutoza sawa na yule anayekaza kwa kukisia chini ya mwarobaini. Huyo mfanyakazi mwenzako aliyelipa chini ya nusu, muulize kama gari lake liliwekewa gasketi mpya ya aina gani, kama silinda hedi ilipimwa, na kama bado linatembea.

Hata hivyo, ukishalipia ufundi wa kufungua injini, usilipishwe tena kikamilifu ufundi wa termostati, mipira au pampu, kwa sababu maji yameshamwagwa na nafasi imeshafunguka. Hapo ndipo profoma nyingi hujirudia kimyakimya. Na hivyo "vifaa vidogo vidogo" vya 75,000 wavitaje. Silikoni, dawa ya kusafishia na klipu za mipira ni vitu halisi, lakini vina majina.

Mhasibu wa Makole alijibu:

Mimi si fundi, nitagusa upande wa makaratasi tu. Kwanza, profoma yako haisemi kama bei zina VAT ndani yake au la. Ikiwa gereji imesajiliwa na ikaongeza asilimia 18 mwishoni, shilingi 1,320,000 zitakuwa 1,557,600, na tofauti hiyo ya 237,600 ni zaidi ya nusu ya ufundi wote. Uliza sasa, na waandike. Ikiwa haijasajiliwa kwa VAT, haina haki ya kukutoza. Omba pia risiti ya EFD ya malipo yoyote utakayofanya, kwa kuwa mnunuzi naye ana wajibu wa kuidai, na ndiyo ushahidi wako mkitofautiana.

Pili, malipo ya awali. Asilimia 70 ya jumla inamaanisha kwamba unalipia spea zote na sehemu ya ufundi ambao haujafanyika. Spea zote kwenye profoma yako, ukiweka pamoja gasketi, pampu, belti, rejeta, oili na vifaa vidogo, ni shilingi 810,000. Kwa hiyo wanachoomba kinazidi gharama ya spea kwa shilingi 114,000. Pendekeza ulipe spea zilizokubaliwa tu, zikionyeshwa mbele yako kabla ya kufungwa, na ufundi ulipwe baada ya gari kujaribiwa barabarani.

Tatu, bishana kabla ya kazi, si baada. Sheria yetu ya mikataba inamruhusu mtu aliyetumia ujuzi wake kwenye mali yako kuishikilia mali hiyo mpaka alipwe ujira wa kazi aliyokubaliwa kuifanya. Kwa hiyo weka kwenye maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba hakuna kazi ya nyongeza bila idhini yako, na kwamba spea zote za zamani unarudishiwa. Spea ikigundulika kuwa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, lakini malalamiko yasiyo na risiti hayafiki mbali.

Mkazi wa Ipagala alijibu:

Ndugu zangu, nimerudi na taarifa. Nililichukua gari kutoka gereji ile, nikalipa ile 30,000 ya kompyuta kwa kuwa kazi hiyo waliifanya, nikalipeleka kwa fundi mwingine ambaye alikubali kutoza shilingi 40,000 kwa uchunguzi pekee. Kwenye kipimo cha presha, mshale ulishuka polepole na maji yakaonekana yakitokeza kwenye maungio ya tanki la plastiki la rejeta, upande wa juu. Termostati ilichelewa kufunguka kwenye sufuria na haikufunguka hadi mwisho. Dawa ya gesi ilibaki buluu. Mgandamizo ulikuwa 12, 12, 11.5 na 12 kwa kipimo cha bar.

Profoma yake mpya ni rejeta mpya isiyo ya Toyota 190,000, termostati 45,000, kizibo 15,000, kulanti 50,000 na ufundi 80,000, jumla shilingi 380,000 mbali na uchunguzi. Ameandika mtengenezaji na namba mbele ya kila spea. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo silinda ya tatu yenye 11.5. Je, niendelee, au nifungue injini kabisa nimalize?

Fundi wa Kizota alijibu:

Endelea na rejeta. Tofauti ya nusu bar kati ya silinda kwenye gari la umri huo hainisumbui, hasa dawa ya gesi ikiwa imebaki buluu, na maji yanayopungua yameshapata mahali pake pa kutokea. Siwezi kukuapia kwamba gasketi ni nzima kwa asilimia mia, kwa sababu injini iliyochemsha huwa na deni ambalo wakati mwingine huchelewa kudai, lakini hakuna kipimo hata kimoja hadi sasa kinachohalalisha kuifungua.

Kwa upande wa bei, orodha hiyo naiona ya haki kwa maana kwamba kila mstari una sababu iliyopimwa. Ningemwomba mambo mawili tu. Kabla ya kufunga rejeta mpya, mfumo wote usafishwe kwa maji safi mpaka kutu na ukoko viishe kutoka, la sivyo uchafu wa ndani ya injini utahamia kwenye rejeta hiyo mpya. Kazi hiyo iwe ndani ya 80,000 au iandikwe bei yake. Na kulanti, ikiwa ni ile nzito ya kuchanganywa, ichanganywe na maji yaliyokenekwa, si ya bomba. Baada ya kujaza, hewa itolewe kwenye mfumo injini ikiwa inanguruma, mpaka feni iwake na kuzima yenyewe.

Usimalizie malipo kwa kuzunguka Ipagala, kwa kuwa tatizo lako halikutokea mjini. Nendeni na fundi barabara ya Morogoro hadi Chamwino na kurudi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa mwendo uleule uliokuwa nao siku ile. Liache lilale, asubuhi injini ikiwa baridi angalia usawa wa maji, uweke alama kwenye chupa, na urudie kuangalia kila baada ya siku chache. Yakipungua tena bila kuvuja mahali popote, rudia dawa ya gesi kwanza. Ikigeuka njano, leta profoma ya gasketi hapa tuipitie upya.